Wajibu kwa Jirani Asiyeonekana

Je, msomaji, mtu ana wajibu gani kwa jirani asiyepata kumwona? Rwanda ni nchi ya milima isiyopakana na bahari. Walakini mvua inyeshayo juu ya sehemu kubwa ya milima yake huteremka katika mto Nyabarongo, ikaingia Kagera, ikamwagikia Ziwa Viktoria, ambalo mawimbi yake hupiga ufuko wa Kisumu. Kagera ilichukua pia gugu-maji, mmea wenye ua la kupendeza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 gugu hilo lilifunika sehemu kubwa ya ghuba ya Winam, na mvuvi wa Kisumu akashindwa kupitisha mtumbwi wake. Aliyelipanda ua lile kwa uzuri wake hakumjua mvuvi huyo.

Tusifanye haraka kulaumu. Maji ya ziwa hutokea Jinja, yakashuka na mto Naili mpaka Misri. Basi mkazi wa Kisumu ni mtu wa chini kwa Mnyarwanda, na mtu wa juu kwa Mmisri. Usafi anaoudai kwa walio juu yake ni deni lake kwa walio chini yake. Atupaye taka ziwani hana haki ya kunung'unikia mlima.