Damu ya Mama, Mifupa ya Baba

Katika nchi ya Mamboya, penye milima ya Ukaguru, ambako misafara ya pwani ilipita zamani ikielekea Mpwapwa, na ambako wamisionari wa Kianglikana walijenga kituo chao karibu na mwaka 1880, wazee walifundisha kwamba mtoto hupata damu kwa mama yake na mifupa kwa baba yake. Itikadi hiyo, ambayo msomi wa leo huenda akaicheka, hunijia kila nisikiapo habari za mtoto mwenye selimundu, kwa kuwa huo ni ugonjwa wa damu ambao maumivu yake hukaa mifupani. Na usiku wa baridi, mtoto aliapo kwa maumivu ya mikono na miguu, jamaa huulizana kwa sauti ya chini dhambi hii ni ya nani.

Kabla ya kumhukumu mtu, na tuisikilize protini. Protini ni mfano wa uzi wa tasbihi, na punje zake ni asidi amino, ambazo katika viumbe hai aina zake za kawaida ni 20. Lakini uzi huo haukai umenyooka, bali hujikunja mpaka upate umbo lake, na umbo ndilo liupalo kazi: protini za moyo huvuta, ya mateni huvunja wanga wa ugali ungali kinywani, na ya damu, himoglobini, ambayo ni nyuzi nne zilizokumbatiana, mbili za punje 141 na mbili za punje 146, huchukua oksijeni kutoka mapafuni. Katika selimundu, kwenye uzi ule wa punje 146, ni ya sita tu iliyogeuka: penye asidi glutamiki pamekaa valini, kama alivyogundua mwanasayansi Vernon Ingram katika miaka ya 1950. Punje hiyo ngeni huchukia maji. Basi himoglobini ikishatua mzigo wake hunata kwa jirani, na jirani kwa jirani, hata zikawa kamba ngumu ziipindazo chembe ya damu kama mundu, nayo ikakwama katika mishipa myembamba.

Aliyerithi badiliko hilo kwa mzazi mmoja aghalabu huishi salama, tena amekingwa na malaria kali, jambo alilolitangaza mwaka 1954 Anthony Allison, tabibu aliyekulia Kenya. Ndiyo sababu limedumu katika nchi za mbu. Aumwaye ni yule aliyerithi kwa wote wawili. Hivyo mashtaka yanayomwangukia mama peke yake, hasa kwa watu kama Wakaguru ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, ni dhuluma: wazazi wamechangia sawasawa, wala hakuna aliyechagua.

Wapo watakaofurahia hapa na kusema kwamba hikima ya Mola imedhihiri, kwani wengi wameokolewa kwa mateso ya wachache. Mimi ulimi wangu huwa mzito. Kwamba maumbile yana hesabu zake, nakiri. Lakini kumwambia mama aliyekesha kwamba kilio cha mwanawe ni thamani ya afya ya majirani, hiyo si imani, ni ukavu wa moyo, na afadhali mtu anyamaze akachemshe maji. Kadari huenda ikaeleza yaliyopita; haitoi ruhusa ya kukaa bure.

Kwa hiyo nawasihi makasisi na mashehe wa wilaya ya Kilosa, iliko Mamboya, waliondoe neno laana katika maneno yao juu ya watoto hawa, na wawahimize wachumba wapimwe damu, maana wazazi wawili wenye kulibeba badiliko hili, katika kila mimba, wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Na huyo aliyekwisha zaliwa, kinga waliyonayo ndugu zake waliorithi nusu yeye hana ya kumtosha, na malaria ikimpata huweza kumuua upesi. Basi chandarua cha kwanza nyumbani kiwe chake.