Maonesho ya kadi: Mchezo wa watoto au kamari iliyofungwa karatasi?

 

Ndugu msomaji, suala hili nililikuta mahali ambapo sikulitarajia kabisa. Nilikuwa Manyovu, kule juu mpakani na Burundi, kumtembelea shemeji yangu ambaye ni mfanyabiashara wa maharage. Baada ya swala ya Isha simu yake ikaita. Mpigaji alikuwa mwenzake waliyesoma naye chuo cha Qur'an utotoni, Mrundi, mmoja wa wale wakimbizi wa mwaka 1972 na watoto wao ambao Marekani ilianza kuwachukua kwa maelfu kutoka kambi za Kigoma mwaka 2007. Yeye aliondokea Mtabila, Kasulu, kambi ambayo ilifungwa mwaka 2012. Leo ana mtoto wa miaka 13 aliyezaliwa huko huko.

"Ustaadhi," akaniambia alipopewa habari kwamba nipo, "nina kiberiti mkononi. Nataka kuzichoma kadi za huyu mtoto, lakini mama yake amenizuia mpaka niulize."

Nikamwomba kwanza aweke kiberiti chini anieleze.

Kumbe ni hivi. Katika jengo la maduka makubwa karibu na kwao, mfano wa Mlimani City ya Dar es Salaam, Jumamosi na Jumapili kadhaa kwa mwaka hupangwa meza kwa meza na watu wazima kabisa, wenye ndevu, wanauza kadi za picha. Zipo za wacheza mpira na zipo za Pokémon, yale madubwana ya katuni ya Kijapani ambayo kadi zake zilianza kutolewa mwaka 1996. Watoto huja na majalada yao, wakabadilishana, wakanunua, huku kila mmoja akitazama bei kwenye simu. Usicheke. Agosti 2022 kadi moja ya mwaka 1952 ya mchezaji wa besiboli, Mickey Mantle, iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 12.6. Kwa kiwango cha wakati ule hizo ni karibu shilingi bilioni 29, kwa kipande cha karatasi.

Mtoto alikuwa amekosa madrasa Jumamosi mbili, kwani huko Waislamu wengi husomesha watoto siku hizo hizo za mapumziko. Adhuhuri zimempita akiwa mezani. Na pesa aliyopewa na wajomba siku ya Idi imekwisha yote.

Baba mtu alikuwa amesikia kwamba wanazuoni wa Saudi Arabia walizipiga marufuku. Ni kweli. Mwaka 2001 walitoa fatwa dhidi ya mchezo wa Pokémon, wakitaja kamari na baadhi ya alama zilizomo. Lakini siku zile ulivuma pia uzushi mwingi, kwamba jina lile ni tusi la siri, ilhali ni ufupisho tu wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya madubwana ya mfukoni. Na mwaka 2025 kampuni iliyo chini ya mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia hiyo hiyo ilinunua biashara ya michezo ya simu ukiwemo wa Pokémon Go, kwa dola bilioni 3.5. Sisemi haya kwa kejeli. Nasema ili tujue kwamba hoja yetu isimame juu ya dalili, kwa kuwa akiegemea nchi fulani tu, mtoto wa leo mwenye simu atakujibu kwa nchi hiyo hiyo.

Nikamuuliza: hizo kadi kazipataje? Akasema nyingi zimetoka kwenye pakiti. Pakiti hufungwa kiwandani, ndani mna kadi 10, huoni kitu mpaka uchane. Inauzwa kama dola 5. Mara nyingi zilizomo hazifiki hata thamani ya dola moja, na mara chache sana inatoka moja ya mamia ya dola. Mtoto akichana akakosa, hununua nyingine.

Hapa ndipo penye maneno. Amepokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a) kwamba Mtume (s.a.w) alikataza biashara ya kurusha kijiwe na biashara ya gharari. Ile ya kijiwe, katika maelezo ya wanazuoni, ni mtu kurusha jiwe juu ya nguo, ile itakayoangukiwa ndiyo yake kwa bei waliyokwisha kukubaliana. Na katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a), alikataza mulamasa, yaani mtu kununua nguo iliyokunjwa kwa kuigusa tu bila kuikunjua akaitazama. Sasa wapo wanaosema pakiti si kamari kwa sababu hakuna anayetoka mikono mitupu, kadi 10 atapata. Ndugu yangu, hata yule wa mulamasa nguo alipata!

Shemeji akadakia: "Mimi gunia la maharage silinunui bila kulichoma bambo." Na ni kweli. Mfanyabiashara yeyote wa Manyovu huchoma bambo ubavuni mwa gunia, akatoa maharage kiganjani, akatazama kama yana wadudu, kama ni mabichi, kama yamechanganywa. Mtu mzima anataka kuona. Kwa nini mtoto auziwe kitu ambacho sharti lake ni kutokuona?

Najua wewe wa Karume na Ilala utanishika shati: je, robota la mitumba? Nalo linanunuliwa limefungwa. Swali zuri. Robota huuzwa kwa sifa, uzito na daraja, na mnunuzi angeruhusiwa kulifungua kwanza angefurahi na bado angelinunua. Pakiti ya kadi ukiifungua kwanza, haina mteja. Kinachouzwa pale ni lile giza lenyewe. Ndiyo maana nasema imefanana zaidi na zile mashine za kutumbukiza sarafu ambazo zimejaa mitaani kwetu na ambazo watoto wetu huzipitia wakitumwa sukari. Na Qur'an, katika Surat al-Maida, imetaja wazi kwamba shetani hutumia kamari kuwazuia watu kumkumbuka Allah na kuswali. Zile Adhuhuri hazikupotea bure.

Kadi kwa kadi, zote zikionekana na bei ikijulikana, hilo mimi sikuweza kuliita kamari. Lina mjadala wa picha, lina mjadala wa israfu, lakini si la kiberiti.

Nikadhani tumemaliza. Baba akasema kwa sauti ya kujigamba kidogo: "Lakini akili ya biashara anayo. Amempa mtoto mmoja wa miaka 7 kadi mbili zinazong'aa, akachukua yake moja ya dola 60. Yule mdogo hakujua."

Nikanyamaza. Kwa saa nzima tulikuwa tunaijadili pakiti, na dhuluma iliyo wazi ilikuwa imekaa pembeni inachekewa. Mtume (s.a.w) alikataza kuwapokea njiani wenye kuleta bidhaa kabla hawajafika sokoni wakaijua bei, na katika riwaya ya Muslim, aliyenunuliwa namna hiyo akifika sokoni ana hiari ya kuvunja mauzo. Mtoto wa miaka 7 hata hiyo hiari hajui kuidai, na wala mali yake hakuwa na ruhusa ya kuiuza bila mzazi.

Nikamwambia baba: pakiti aziache, madrasa arudi, na ile kadi ya dola 60 airudishe mkononi mwa mzazi wa yule mtoto. Akapinga, kwamba mwenyewe aliridhika. Nikamwambia aliridhika kwa kutojua. Tukavutana. Mwisho nikasikia sauti ya kijana nyuma yake, Kiswahili chake kikiwa na lafudhi ya huko, akisema kuwa anaijua meza ambayo baba wa yule mtoto huuza, na kwamba maonesho mengine ni mwezi ujao, Jumapili. Akauliza kama anaweza kwenda baada ya Adhuhuri.

Simu ikakatika. Shemeji alikuwa ameinamia taa, hasemi kitu. Jioni ile alikuwa ameniomba nimwamshe saa 10 alfajiri, awahi kwenye njia ya mlimani kuwapokea wakulima na maharage yao kabla hawajafika sokoni.

"Nikuamshe saa ngapi?" nikamuuliza.

Akafikiri kidogo. "Niamshe kwa Alfajiri," akasema. "Tutaswali, kisha tutashuka sokoni pamoja."