Jina Katika Pengo

Kuna swali dogo ambalo shule nyingi hulijibu kila siku bila ya kuliuliza. Swali lenyewe ni hili: mtu akiitwa kwa jina lake na chombo kisichomjua, je, ameitwa? Zamani swali hili lisingalikuwa na maana, kwa sababu hapakuwa na chombo cha kuita. Mwalimu aliyetaka kusema na mzazi alimpa mtoto kipande cha karatasi akipeleke nyumbani, au alikwenda mwenyewe mpaka mlangoni akapiga hodi. Siku hizi mkuu wa shule hukaa mezani pake mbele ya kompyuta, akachagua kiolezo cha ujumbe, akabonyeza mara moja, na simu 800 zikalia katika nyumba 800. Kila simu imepata jina la mzazi na jina la mwanawe, na hapana mkono ulioandika hata jina moja.

Kiolezo ni barua yenye mapengo. Maneno yake huandikwa mara moja. Mapengo huachwa kwa jina la mzazi, jina la mwanafunzi, darasa, tarehe na kiasi cha fedha. Mtambo huchukua daftari la shule, ukajaza kila pengo kwa habari iliyomo katika mstari wake. Shule ina hiari ya kugeuza maneno hayo: kuongeza salamu, kupunguza ukali, kutia jina lake mwishoni. Kazi hiyo huonekana kuwa kazi ya karani, isiyostahili fikira za watu wazima. Walakini ndani yake mna jambo zito la maadili. Aandikaye kiolezo huamua namna watu 800 watakavyosemeshwa, kabla hajajua yaliyowapata wala yatakayowapata.

Ni rahisi kukilaumu kiolezo, kikaitwa uongo kwa kuwa maneno yake hayakutungwa kwa ajili ya mtu mmoja. Lawama hiyo haina insafu. Maisha ya watu wenye adabu yamejaa maneno yaliyotungwa tangu zamani. Asemaye shikamoo hakulitunga neno hilo asubuhi ile, wala aitikiaye marahaba hakufikiri jibu jipya. Pole ya msibani ni neno moja kwa tajiri na kwa maskini. Barua za Kiswahili za karne ya 19, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo Mjerumani C. G. Büttner alizichapisha Berlin mwaka 1892, hushika desturi ya barua za pwani za zama hizo: kwanza mpelekewa hutajwa kwa heshima, kisha salamu, kisha habari ya uzima, na baadaye ndipo shauri lenyewe. Mwandishi wa barua ya namna hiyo alitumia kiolezo alichokihifadhi moyoni, na hapana aliyemwita mnafiki.

Tena kiolezo kina fadhila zake. Mwalimu mwenye watoto 60 darasani hawezi kuandika barua 60 kila juma na bado akafundisha. Akiandika kwa mkono wake mwenyewe siku ya hasira, yamkini hasira itaingia katika barua. Akiwaandikia wazazi wenye vyeo, kalamu yake yaweza kulainika. Akiwaandikia wasio na kitu, yaweza kukauka. Kiolezo huwapa wote maneno yale yale. Mzazi aendaye kwa miguu na mzazi aendaye kwa gari husoma sentensi moja, na katika jambo hilo kiolezo huwa na haki kuliko mwandishi wake. Usawa si jambo dogo katika nchi yoyote, seuze katika shule.

Ikiwa basi ubaya haumo katika maneno yaliyokwisha tungwa, umo wapi? Shikamoo na marahaba hutoa jibu. Neno la shikamoo ni la watu wote, lakini asemaye yupo, na asemeshwaye yupo, na jibu lina pa kupokewa. Mtu akiwa na huzuni usoni, aliyemwamkia ataiona na ataongeza neno. Uhai wa salamu umo katika kuwapo kwa watu wawili. Ujumbe wa shule uliotumwa kwa mtambo mara nyingi hufika ukiwa na jina la shule mahali pa namba ya simu. Ujumbe wa namna hiyo haujibiki. Mzazi akiandika neno, neno hilo halina mlango wa kuingilia. Shule imepiga hodi, na mlango ulipofunguliwa hapana mtu nje.

Na ichukuliwe nyumba moja ya mfano. Binti wa kidato cha pili amefariki dunia wakati wa likizo. Mwalimu wa darasa amehudhuria mazishi. Wanafunzi wenzake wamelia. Lakini hapana aliyekumbuka kuufuta mstari wa marehemu katika daftari la mtambo. Siku ya kufungua shule simu ya mama yake inalia. Shule inafurahi kumkaribisha tena binti yake, aliyetajwa kwa jina lake kamili, na inakumbusha kwamba ada ilipwe kabla ya siku ya Ijumaa. Katika ujumbe huo hamna tusi. Kila neno lina adabu. Hata hivyo mama huyo ameumizwa kuliko ambavyo angeumizwa na tusi.

Yafaa kutazama kwa makini ni kitu gani kilichomuumiza. Kama ujumbe ungesema tu kwamba shule itafunguliwa Jumatatu na wazazi wote wanakumbushwa ada, mama angejua kuwa tangazo la wengi limefika mpaka kwake kwa bahati mbaya. Tangazo lisilo na jina lingempita. Jina ndilo lililomtafuta. Jina lilidai kwamba katika shule ile yuko mtu anayemfikiri binti huyu siku hii. Dai hilo halikuwa kweli. Kwa hiyo uongo wa kiolezo, mahali unapokuwapo, haumo katika sentensi zilizoandikwa. Umo katika pengo lililojazwa.

Hapo ndipo asili ya jambo inapoonekana. Kumwita mtu kwa jina ni kujitia deni. Aitwaye kwa jina hugeuka, hutazama, hungoja. Anastahili kumkuta aliyeita. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 juu ya msingi wa maadili, alifundisha kwamba utu wa binadamu usitumiwe kamwe kuwa njia tu ya kufikia kitu kingine, bali uheshimiwe siku zote kuwa lengo pia. Shule inayotia jina la mzazi ili ujumbe usomwe upesi na fedha zije mapema, pasipo na mtu aliyemfikiri mzazi huyo, imelitumia jina kama ndoana. Ndoana huenda ikapata samaki. Lakini mzazi aliyekwisha ng'amua chambo husoma kila jina linalofuata kwa tashwishi, na siku ya ujumbe wa kweli hatageuka.

Katika Kiswahili jambo hili lina uzito wa ziada, kwa sababu lugha hii haimwiti mtu mzima ovyo. Violezo vingi vimefuata mtindo wa Kiingereza, vikafungua kwa neno mpendwa na jina la kwanza. Mwanamke wa miaka 50 anapoandikiwa Mpendwa Fatuma na shule ya mwanawe, amesemeshwa kama mtoto mwenziwe mwanafunzi. Jirani zake humwita Mama Salma. Katika mwito huo mna heshima kwa mzazi na mna mtoto mwenyewe, wawili katika neno moja, na hapana mwito unaofaa shule kuliko huo. Lakini mtambo hauwezi kuujua. Daftari halisemi kama Salma ndiye mtoto ambaye mama huyo huitwa kwa jina lake, wala kama aliyeandikishwa kuwa mzazi ni mama, au ni shangazi, au ni bibi aliyeachiwa mjukuu. Ili kujua, hapana budi mtu aulize. Na kuuliza ndiyo kazi ambayo kiolezo kilitungwa kuiepuka.

Hata hesabu ya herufi ina maadili yake. Ujumbe mfupi wa simu una nafasi 160 za herufi, alama na mianya. Ukizidi hata kwa herufi moja hukatwa vipande viwili, kila kipande kikiwa na nafasi 153, na mtumaji hulipia vipande vyote viwili. Kwa nyumba 800, salamu moja yenye heshima yaweza kuzidisha gharama mara mbili. Mhasibu mwenye busara ya fedha ataanza kukata, na kitakachokatwa kwanza ni salamu, kwa kuwa kiasi cha ada hakikatiki. Hivyo shule inayofundisha adabu darasani huandika nyumbani bila ya salamu, kwa ajili ya senti. Si lazima shule itoe kila senti. Lakini yafaa ijue kwamba ilipokata salamu ilichagua, na uchaguzi huo husomwa.

Liko jambo jingine ambalo daftari halilioni. Katika nyumba nyingi simu ni ya watu wengi, na mwenye nyumba huenda hajui kusoma. Bibi hupokea ujumbe akampa mjukuu amsomee. Mjukuu huyo ndiye aliyetajwa: hakufika shuleni siku tatu, au ameshindwa mtihani, au atarudishwa nyumbani kwa deni. Mshitakiwa amefanywa tarishi na msomaji wa shitaka lake mwenyewe. Atasoma kweli na kuadhibiwa, au atasoma uongo na kuokoka, na kwa vyovyote vile shule imempa mtihani ambao haukuwamo katika mafunzo yake. Mwalimu anayeijua nyumba ile angetuma mtu, au angengoja aseme na bibi uso kwa uso.

Sheria zimekwisha kuingia katika mambo haya kwa kiasi chake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya mwaka 2022, juu ya ulinzi wa taarifa za watu, zinamtaka mwenye kuzitunza taarifa hizo azitunze zikiwa sahihi. Ni jambo jema. Walakini sheria husimamia daftari. Namna ya kusema na mtu huachiwa dhamiri.

Pengine itasemwa kwamba haya ni matakwa ya watu wasio na kazi, na kwamba shule ya wanafunzi 800 haiwezi kumfikiri kila mmoja. Neno hilo lina haki ya kujibiwa. Halitakiwi jambo lisilowezekana. Linatakiwa jina litumike pale tu ambapo deni lake litalipwa. Kwa kipimo hicho ujumbe wa shule hugawanyika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la habari za wote: siku ya kufungua, siku ya mkutano, badiliko la saa. Habari hizi zitumwe bila ya jina la mtu, kama kengele inavyolia kwa wote, na hapana anayedanganywa na kengele. Fungu la pili ni la habari za mtoto mmoja zilizo za kawaida: hakufika leo, salio la ada ni kiasi hiki. Hapa kiolezo chafaa, na jina lafaa, kwa sharti kwamba mtu anayewajua watoto ameipitia orodha kabla ya kubonyeza, na kwamba namba ya kujibia imeandikwa na iko mkononi mwa mtu. Fungu la tatu ni la mambo mazito: maradhi, kufukuzwa, mimba, aibu, msiba. Kwa haya kiolezo kisiwepo kabisa, hata kile kilichoandikwa vizuri. Hasa kile kilichoandikwa vizuri, kwa kuwa ufasaha wake utamshawishi mkuu wa shule abaki mezani pake siku ambayo yampasa kutoka.

Hata aandikaye kiolezo cha fungu la pili ana la kujifunza kutoka kwa wakongwe wa pwani. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake karibu mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Alikuwa na msikilizaji mmoja machoni, na maneno yake yakaenda kwa mabinti wasiohesabika kwa vizazi. Maneno yaliyosemwa kwa mmoja kwa moyo yaweza kuwafaa wengi. Ni vigumu maneno yaliyosemwa kwa wengi pasipo moyo yamfae mmoja kwa kutiwa jina lake. Karani anayegeuza kiolezo na amkumbuke mzazi mmoja anayemjua, amwandikie huyo, ndipo aweke mapengo.

Na yule mama wa binti aliyefariki? Shule yake haikuwa na ukatili, na mwalimu wake alisimama kaburini. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kukaa na orodha ya majina kwa robo saa kabla ya kubonyeza, akisoma kila jina na kujiuliza kama anamjua mwenyewe. Angefika katika mstari ule, mkono wake ungesita, na jina la binti yule lingeachwa lipumzike.