Dhahabu ya Chunya na mstari mwekundu wa zahanati

Ukiingia zahanati ya Mbeya au Iringa ukiwa na homa, mhudumu atakutoboa kidole, atadondosha damu kwenye kipimo kidogo cha plastiki, na baada ya dakika 15 hadi 20 atakuambia kama una malaria au huna. Ukiwa nayo, hujitokeza mstari mwekundu. Wengi hudhani wekundu ule ni damu au wino. Sivyo. Katika vipimo vingi vya aina hiyo, wekundu ule ni dhahabu.

Naam, dhahabu, ila katika punje ndogo mno zinazopimwa kwa nanometa. Nanometa moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Dhahabu ikifikia udogo wa nanometa 20 hadi 40 huacha umanjano na kuwa nyekundu. Punje hizo hubandikwa kingamwili zinazoitambua protini ya kimelea cha malaria. Zikiikuta huikamata, kisha hunaswa kwenye mstari, zikarundikana, jicho likaona.

Jambo linalofanana na hilo ndilo lililowapa Moungi Bawendi, mwenye asili ya Tunisia, Louis Brus na Alexei Ekimov Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2023. Vitone vyao vya kwantamu, ambavyo leo vimo katika baadhi ya televisheni, hubadili rangi kwa ukubwa tu: kidogo hutoa mwanga wa bluu, kikubwa chekundu, na maada ni ileile.

Hapa ndipo linapokuja swali. Chunya, mkoani Mbeya, inachimbwa dhahabu tangu miaka ya 1920. Wachimbaji wadogo huinasa kwa zebaki na kuichoma, na moshi wake huharibu mishipa ya fahamu. Bei ya gramu tunaijua. Kazi ya dhahabu hatuijui. Je, jamii iliyokalia mali isiyoyajua manufaa yake ina lawama, au ina bahati mbaya tu?

Wapo wanaosema hakuna lawama: elimu hii ni ya mataifa makubwa, sisi tununue au tupewe. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani hakuna anayeweza kujua kila kitu. Lakini kinachotolewa kwa hisani hukoma hisani inapokoma. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mapambano dhidi ya malaria barani Afrika yakatikisika. Na huku kwetu kwenye baridi malaria ni chache. Homa nyingi zina chanzo kingine. Kipimo kikikosekana, mtoto atapewa dawa ya malaria huku nimonia ikimmaliza. Gharama ya kutojua kwetu anailipa yeye.

Wanazuoni wametufundisha fardhi kifaya. Ni kama kuosha maiti: wakipatikana wa kutosha, waliobaki wamesalimika, wasipopatikana, lawama ni ya wote. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliiweka tiba katika fungu hilo. Basi halazimiki kila mtu kuwa mkemia, lakini hatuwezi wote kuwa wateja.

Wala tusiseme haiwezekani. Dk. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela Arusha, alitengeneza chujio la maji linalotumia nanomateria, linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza.

Mbeya kuna chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, MUST. Iringa kuna Mkwawa, kinachofundisha walimu. Swali ni vijana wangapi tunawaandaa kufika huko. Shule zetu ngapi zina maabara inayotumika, si chumba chenye kufuli na vumbi? Atakayeombwa mchango katika harambee ijayo ya shule atoe, lakini aulize kwanza: maabara iko wapi?