Dau la Mdau

Kampuni inapojenga darasa au kugawa madawati, je, imetoa sadaka au imelipa deni? Swali hili aghalabu hujibiwa kwa picha za magazetini, ilhali lataka utulivu.

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, Milton Friedman, alishikilia kwamba wajibu wa kampuni ni kuongeza faida pasi na kuvunja kanuni za mchezo. Meneja agawaye fedha za wenye hisa hukirimu kwa mali isiyo yake. Hoja hiyo haipuuziki. Lakini imejengwa juu ya dhana kwamba mwenye hisa peke yake ndiye aliyeweka kitu hatarini.

Neno letu, mdau, lapinga dhana hiyo. Mdau ni mwenye dau mchezoni, na dau si lazima liwe fedha. Tuitazame Shirimatunda, kata ya Manispaa ya Moshi, miguuni mwa Kilimanjaro. Kiwanda kikisimama mahali kama hapo, mfanyakazi huweka mwili wake, jirani huweka hewa na maji yake. Wala hawawezi kuliuza dau hilo na kuondoka, kama mwenye hisa auzavyo hisa zake.

Wachaga walilijua jambo hili zamani kwa mifongo, mifereji iliyochimbwa kwa mikono kuteremsha maji ya mlima hadi vihambani. Aliyetumia maji alipaswa kutokea siku ya kuusafisha mfongo; asiyetokea alitozwa faini au kunyimwa zamu. Kazi ile haikuwa hisani. Ilikuwa bei ya kunywa pamoja na wengine.

Mwaka 2017 Sheria ya Madini ya Tanzania ilirekebishwa, ikawataka wenye migodi kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, uliokubaliwa na mamlaka za serikali za mitaa. Hapo hisani ilianza kuitwa wajibu. Hata hivyo sheria haimalizi swali: kampuni yaweza kujenga zahanati, na maji yake machafu yakawa ndiyo yanayoijaza zahanati hiyo wagonjwa.

Basi mpangilio na uwe huu: kwanza isidhuru, pili ilipe ujira wa haki na kodi, tatu iwasikilize wenye dau kabla ya kuamua. Kufikia hapo haijagawa mali ya mtu, imelipa tu inachodaiwa. Kisha ndipo itoe, ikipenda. Sadaka itanguliayo deni haimsaidii mdai, humziba mdomo.