Sentimita 212



Vijana wapendwa, tafakari ya leo nimeikwepa kwa muda mrefu. Inahusu siku niliyokwenda Dar es Salaam kutafuta kazi ya uhudumu wa ndege. Ndiyo, mimi frateri wenu. Msicheke sana.

Nilikuwa nimemaliza falsafa, nikaomba mwaka mmoja wa kukaa nje ya malezi ili nipambanue wito wangu. Gombera akaniruhusu. Nyumbani hali ilikuwa ngumu: mdogo wangu anadaiwa ada, mama anauza mbogamboga, na mimi nina shahada ambayo mtaani kila mtu anaiuliza, "Sasa hiyo unafanyia nini?" Ndipo rafiki akanitumia tangazo. Shirika moja la ndege la huko Ghuba linafanya usaili hotelini. Uje na wasifu wako na picha, basi.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa kwenye foleni, nimevaa suti ya kuazima. Wadada walikuja na daladala wakiwa na ndala miguuni na viatu vya kuchuchumia mkononi, wakabadilisha pale getini. Kila mtu alikuwa anatabasamu, hata kama hakuna anayemtazama.

Kipimo cha kwanza kilikuwa ukuta. Kuna alama sentimita 212 kutoka sakafuni. Unavua viatu, unachuchumia, unanyoosha mkono. Ukiigusa, unaendelea. Usipoigusa, unaambiwa asante kwa kuja. Mimi niligusa. Mdada aliyekuwa mbele yangu alipungukiwa kama vidole viwili. Alijaribu mara tatu. Kisha akainama kuvaa viatu, akakaa ameinama muda mrefu kuliko viatu vinavyohitaji.

Baadaye tukawekwa kwenye vikundi. Swali: hoteli imebakiwa na vyumba viwili, wageni ni wengi. Kuna bibi anayetembea na gongo, maharusi, mfanyabiashara, mama mwenye mtoto mchanga, na daktari aliyetoka zamu ya usiku. Mkubaliane nani apewe. Wasaili wamekaa pembeni, wanaandika.

Binti aliyekuwa kulia kwangu alisema kwa sauti ndogo kwamba bibi na yule mama wanaweza kulala chumba kimoja, wakasaidiana. Hakuna aliyemsikia. Mimi nilimsikia. Nikanyoosha mgongo, nikalisema wazo lile lile kwa sauti kubwa, kwa Kiingereza changu cha darasa la falsafa, kana kwamba ni langu. Wote wakatikisa kichwa kukubali. Msaili akaandika kitu. Yule binti akanitazama mara moja tu, halafu akatazama mikono yake. Hakusema tena neno.

Namba ziliposomwa, yangu haikuwemo. Na yake haikuwemo.

Ndugu zangu, fungueni 1 Samweli 16. Samweli naye alikwenda kwenye usaili, ila yeye ndiye aliyekuwa msaili. Alipomwona Eliabu, kijana mrefu mwenye sura nzuri, moyoni akasema huyu ndiye. Mungu akamkatalia: asitazame sura wala kimo, maana mwanadamu huishia kwenye yanayoonekana machoni, lakini Bwana huangalia moyo. Wakapita wana saba. Yule aliyetakiwa hakuwepo hata kwenye foleni, alikuwa machungani na kondoo.

Wengi tunaishia hapo, tunajifariji: "Wameniangalia kimo, Mungu ananiangalia moyo." Ni kweli, lakini tuwe waangalifu. Kwanza, kipimo kile cha ukutani si uonevu. Vifaa vya dharura huwekwa pia kwenye makabati ya juu ndani ya ndege, na siku ya moto lazima mhudumu avifikie. Ndege kubwa ya abiria hairuhusiwi kubeba watu mpaka ithibitishwe kwamba inaweza kuwatoa wote ndani ya sekunde 90, huku nusu ya milango ikiwa haitumiki. Kazi ile si ya kugawa juisi tu. Shirika lina haki ya kuuliza kama mkono wako unafika. Halina uwezo wa kukuambia wewe ni nani. Mwanafalsafa Kant alitofautisha kitu chenye bei na kiumbe chenye utu: cha bei unaweza kukibadilisha na kingine, mwenye utu hana mbadala. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1981 kuhusu kazi, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi. Dada yangu uliyepungukiwa vidole viwili, ulipungukiwa kwa kazi ile. Hukupungukiwa utu. Zakayo alikuwa mfupi, akapanda mkuyu, na Yesu ndiye aliyesimama chini akamwita.

Pili, na hili ndilo lililoniumiza: Mungu anapoangalia moyo, si kila mara ni habari ya kufurahisha. Siku ile moyo wangu ulionekana vizuri sana. Nilikuwa namtetea kwa ufasaha bibi wa kufikirika mwenye gongo, huku namkanyaga dada halisi aliyekaa pembeni yangu. Nilitaka nionekane nina huruma. Wana wa Zebedayo waliomba viti vya kulia na kushoto, na Yesu akawajibu wote kwa kuwaonyesha nafasi ya mtumishi. Mimi nilikuwa nagombania kiti hicho kwenye usaili wa kuwa mhudumu! Na ingekuwa rahisi kufanya vilevile altareni, nikiwa na kanzu nyeupe.

Nilimkuta yule binti kituoni, anasubiri daladala. Alikuwa amechuchumaa, anambandika plasta kisiginoni mdada mwingine aliyechubuliwa na viatu. Nilijua lazima niseme. "Dada, lile wazo lilikuwa lako. Nilikuibia. Naomba unisamehe." Akanitazama kidogo, akasema, "Nimekusamehe, kaka. Ila siku nyingine ukimsikia mtu ambaye hasikiki, sema ni yeye aliyesema." Ilikuwa mara yake ya tatu kufanya usaili, na alisema atarudi.

Mwaka 1930, mwanamke wa kwanza kuajiriwa kuwahudumia abiria angani, Ellen Church wa Marekani, alikuwa muuguzi. Nilipokuja kulijua hilo nilimkumbuka yule binti na plasta yake.

Tatu, kuhusu wito. Niliporudi nilimwambia mlezi wangu wa kiroho, "Padre, naona Mungu amefunga ule mlango ili nirudi." Akanijibu, "Wito si mlango unaobaki baada ya mingine kufungwa. Ungepita, ungeenda?" Nilinyamaza. Nilirudi seminari baada ya miezi mingi ya kusali, si kwa sababu nilichujwa hotelini. Mabinti na vijana mnaotafuta kazi, msione kuchujwa kuwa ni adhabu, wala msikimbilie kukuita ishara. Wakati mwingine ni siku ngumu tu, na Mungu yupo ndani yake.

Kwa hiyo, ukienda usaili wowote, sali kwanza, kisha jiandae kwelikweli. Usimlipe mtu anayekuahidi nafasi. Mtambue aliye kulia kwako, na umtaje kwa haki. Ukitoka, iwe umepita au umechujwa, angalia kama kuna anayehitaji plasta.

Tusali: Bwana Yesu, wewe uliyewaosha wanafunzi miguu, utuonyeshe mioyo yetu bila kutukatisha tamaa. Uwafungulie njia vijana wanaotafuta kazi. Utufundishe kuhudumu hata pale ambapo hakuna anayeandika alama. Mama Maria wa Loreto, uliyetangazwa na Papa Benedikto XV mwaka 1920 kuwa msimamizi wa wanaosafiri angani, utuombee. Amina.

Na wewe dada wa kituoni, kama unasoma: wazo lilikuwa lako.