Dawa ya Wadogo

Wazazi wa Mbamba Bay, nanyi mshukao kutoka milima ya Mbinga hadi ufukoni mwa Ziwa Nyasa, kichocho mwakijua. Vijidudu vitokavyo katika konokono wa majini hupenya ngozi ya mtoto anayeoga.

Dawa yake, prazikwanteli, ilibuniwa Ujerumani katika miaka ya 1970. Haikuchumwa mtini, wanakemia waliiunda wenyewe. Lakini chembe zake zilitoka za maumbo mawili, yafananayo kama mkono wa kuume na wa kushoto. Umbo moja huua minyoo. La pili halisaidii karibu lolote, ila huzidisha uchungu na ukubwa wa kidonge. Hivyo mwanafunzi alimeza dawa shuleni, na mdogo wake abebwaye mgongoni, aogeshwaye ziwani humo humo, mara nyingi akapitwa.

Tunakumbuka jinsi Bwana wetu alivyochukizwa wanafunzi wake walipowazuia watoto. Wataalamu walitengeneza umbo lile moja tu, arprazikwanteli, katika kidonge kidogo kiyeyukacho majini, kwa watoto wa miezi 3 hadi miaka 6. Kilijaribiwa hata Kenya, jirani zetu, na Desemba 2023 Shirika la Dawa la Ulaya likatoa kauli ya kukikubali. Sisi twaihesabu kazi hiyo tendo la huruma, ingawa waliifanya kwa mshahara.

Basi kikifika zahanatini kwenu, mpelekeni mtoto. Lakini hakizuii kuambukizwa tena: maji yakichafuliwa na kinyesi au mkojo, minyoo hurudi. Choo na kichimbwe kabla ya masika.